Jua la Bombay

Matrah, mwisho wa mwaka 1970

Salama, shoga yangu,

Kwenye barua mtu huanza kwa kuuliza hali, nami hali yako siijui wala sina wa kumuuliza. Kwenu nyie maiti yuko kaburini anangoja siku yake. Kwetu sisi aliyekufa keshazaliwa pengine zamani, hata kabla hatujamaliza kumlia. Huenda saa hizi wewe ni kitoto kichanga huko Salala, unanyonya, hunijui. Nimekaa nimefikiri, nikaona leo nishike imani yenu. Kwa yenu angalau nakujua uko wapi, na ukiwa umelala unangoja basi una nafasi ya kunisikiliza. Kwa yetu ningekuwa nakwenda kumsumbua mtoto wa watu.

La kwanza nnalotaka ulijue kabla sijakupa jingine: Nirmala wangu hakupiga magoti. Umefariki kesi ile iko nusu, na siku zako za mwisho, sauti imeshakukauka, bado ulikuwa ukiniuliza, "Vipi Champa, mtoto keshasalimu amri?" Hakusalimu. Aliyesalimu ni mwingine, na ntakwambia vipi, lakini kwa taratibu, maana utamu huu nimeuweka miezi sina wa kumpa. Baba Nirmala nikimsimulia ananiambia, "Nilikuwepo." Sasa huyo ni mtu wa kuhadithiwa?

Mji umegeuka, Salama, tangu kuingia Sultani mpya. Ungengoja miezi michache tu. Milango ya Maskati haifungwi tena usiku, mtu anakwenda na kurudi atakapo, na ile taa ya mkono tuliyokuwa tukiamriwa kutembea nayo usiku kama walinzi nimeitundika jikoni inashika vumbi. Watu wenu wanarudi, kutoka Unguja, kutoka Mombasa, kutoka Kairo. Zamani tukisema Kiswahili sokoni watu walikuwa wakitugeukia kututazama, sasa unajibiwa. Juzi nimesimama kwa muuza ndimu nikasikia mwanamke nyuma yangu anasema, "Hebu nipishe, bibi," Kiunguja kitupu, nikageuka nikijua ni wewe. Nikampisha. Nikaenda zangu nyumbani, ndimu sikununua.

Basi tuje kwa Shethi Mansukh, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Wajaini hapa Matrah. Wewe jina lake ulikuwa hulitaji, ulikuwa ukisema "yule wa kiti," na kila ukisema hivyo nilikuwa nikikwambia nyamaza, watasikia. Leo sikunyamazishi.

Uliwahi kuniuliza, nyie watu mnaongozwa na nani, mbona sijamwona shekhe wenu? Nikakueleza mpaka chai ikapoa tukapika nyingine. Watawa wetu hawapandi chombo. Wanatembea kwa miguu mitupu, wamefunika kinywa kwa kitambaa wasije wakameza mdudu, na bahari hawaivuki kwa hali yoyote. Basi babu zetu walipokuja Unguja na biashara ya nguo na karafuu walikuja bila mtawa, na dini wakaibeba wenyewe, wauza duka. Ndipo ilipozaliwa jumuiya: wenye maduka wanakaa, wanamchagua mmoja wao, huyo anaitunza nyumba ya ibada, anasoma kitabu kitukufu zile siku zetu nane za kila mwaka, anaamua ugomvi, anasema nani anakaribishwa na nani hakaribishwi. Kwa hiyo mwenyekiti kwetu si kama mwenyekiti wa mpira. Akiwa mtu, mna dini. Akiwa gunia, mna gunia.

Unguja tulikuwa na mtu. Mzee Premji, unamkumbuka, yule wa kofia nyeusi pale Kiponda, alikuwa akifagia mwenyewe kwa ufagio wa uzi laini ili asimuumize hata chungu, na wakati wa kusoma alikaa chini pamoja nasi sote, kitabu kikiwa juu ya kigoda. Kwetu hapana mtu anayekaa juu kuliko kitabu. Hata mtoto anayetambaa anajua.

Hapa Matrah tukapata gunia. Na tulimpata vipi? Nyumba zetu hapa chache, watu wake hawajazi hata ngazi moja ya msikiti wenu, na chumba cha ibada kiko juu ya ghala yake ya mchele. Sifa yake ndiyo hiyo, nyingine mie sijaiona mpaka leo. Kusoma kwenyewe anakwama. Tuna waongozi watukufu ishirini na nne, kila mmoja na jina lake, na mtoto wangu alikuwa akiwataja wote kabla hajang'oa jino la kwanza. Shethi anasoma wanane, akifika kwenye jina gumu anasafisha koo anasema, "Na wengineo." Na wengineo, Salama! Kama anasoma majina ya waliohudhuria harusi.

Kisha akaagiza kiti. Kiti cha kuchonga, kina simba kwenye mikono, kimekuja na meli kutoka Bombay. Akakiweka mbele ya kitabu, akakaa. Alisema magoti yanamuuma. Kupanda ngazi za ghala hayamuumi, kwenda arusini hayamuumi, kufukuza paka hayamuumi. Yanauma kwenye kukaa chini tu. Wanaume wetu wakakitazama kiti, kisha wakatazama vidole vya miguu yao. Nusu yao maduka yao yanangojea mchele wake. Basi akabaki juu na kitabu kikabaki chini, na hao ndio wanaume waliovuka bahari.

Sasa jua. Kesi hii wewe ndiye uliyeianzisha, lakini nakukumbusha kwa raha yangu.

Sisi tunaoshika dini sawasawa hatuli baada ya jua kuzama, na katika siku zile nane hata maji hatunywi. Unguja halikuwa jambo. Jua la kule halina hila, mwaka mzima linazama karibu wakati ule ule, na tena mie nilikuwa na wewe juu ya dari yangu. Ramadhani ukisikia adhana ulikuwa ukigonga sakafu kwa mchi: wewe unatia tende kinywani, mie ndio naweka kijiko chini. Wewe unafungua, mie nafunga. Mama mkwe wangu, aliyekuwa hapendi mtu, alikupenda kwa mchi ule. Alikuwa akisema, "Mwislamu wako hajachelewa hata siku moja."

Matrah jua hulioni likizama. Majabali yametuzunguka kama tuko ndani ya kisima. Jua linajitia nyuma ya mlima alasiri bado mbichi, kisha mwanga unabaki, unabaki, hujui limezama au limejificha. Hapo ndipo Shethi Mansukh alipopata pa kuonyesha akili zake. Akaagiza kalenda ya dini kutoka Bombay, ile inayoonyesha jua linazama saa ngapi kila siku, akaitundika ukutani, na kengele ya kuacha kula akawa anaipiga kwa kalenda hiyo na saa yake ya dhahabu. Kalenda ya kule, saa ya hapa. Jua la Bombay, tumbo la Matrah.

Na jambo hili lilikaa miaka. Unajua kwa nini? Kwa sababu liliwafaa. Wanaume wanafunga maduka magharibi, wanatembea pole pole, wanaoga, wanakaa wanakula kwa starehe, na kengele bado. Jua likichelewa kuzama kwa ajili ya chakula chako, nani atalishitaki?

Mie nyumbani kwangu kengele ile sikuifuata hata siku moja. Nilimfuata muadhini wa msikiti wenu mdogo pale uchochoroni, kwa mazoea ya Kiponda, na nikidhani kila mtu anafanya hivyo. Mpaka jioni ile ya mwaka sitini na nane, katika siku zetu nane, nimekwenda kwa shemeji yangu, nimekaa pembeni sijala, wao wote wako kwenye sahani. Wewe ukaja kunitafuta uazime ungo. Umeshasali magharibi, umeshakunja na mkeka. Ukasimama mlangoni ukawatazama.

"Champa, si uliniambia nyie hamli jua likishazama?"

Nikakwambia ndiyo.

"Sasa hawa wanakula nini?"

Shemeji akacheka, akasema Shethi hajapiga kengele. Na wewe, kwa sauti yako ile isiyojua kunong'ona, ukasema, "Kwani nyie mna jua lenu?"

Shemeji alimeza tonge lile kama dawa. Ungo ukasahau kuuchukua.

Nirmala alikuwepo akasikia. Sisemi kwa kuwa ni mwanangu, wewe mwenyewe ulimwona, lakini yule mtoto akisikia neno haliachi mpaka alijue mama yake na baba yake. Anasoma maandishi ya aina tatu. Ibada yetu ya jioni, ambayo wanaume wazima wanaitupia macho kitabuni, yeye anaitoa yote kwa moyo huku anapepeta mchele, na hakosei mchele wala ibada. Nywele zinampita kiuno. Haya, nywele hazihusu, lakini nani atakwambia kama si mie. Akasema tutafute mahali pasipo mlima, tulitazame jua lenyewe. Ndipo shemeji yako, ndugu wa mumeo, akatupeleka Sib kwa lendrova yake, mie, wewe, Nirmala na baba yake.

Kule uwanda mtupu. Tukakaa mchangani tukalitazama linaingia, na likaingia lote. Nirmala akatazama saa ya baba yake, aliyokuwa kaisawazisha asubuhi ile ile na ya Shethi, akatazama karatasi aliyonakilia kalenda ya ukutani. Kwa kalenda jua bado liko juu. Wewe ukatia udhu, ukasali, ukavuta uradi wako bila haraka, ukakunja mkeka, tukapanda gari, Baba Nirmala akashuka tena kutafuta kiatu chake, na jua la Bombay lilikuwa bado halijazama. Ulicheka mpaka ukashika ubavu. Baba Nirmala hakucheka. Alikuwa keshaanza kuogopa.

Katika mkutano uliofuata Nirmala akasimama, kichwa kimefunikwa, akasema kwa adabu: "Shethi, naomba kengele ipigwe kwa jua la hapa." Akaeleza yote. Shethi akajiegemeza kwenye simba wake.

"Binti, mlima ndio unalificha. Jua lenyewe lipo."

Nirmala akamwambia tumelitazama Sib, hapana mlima.

"Sib ni Sib."

"Na adhana, Shethi?"

"Waislamu na jua lao, sisi na letu."

Wallahi, kama ulivyokuwa ukisema wewe, hapo hata hasira iliniisha. Utamkasirikia vipi mtu anayegawa jua kama anavyogawa mchele, huyu pishi moja, huyu nusu? Nirmala akasema, "Basi Shethi, kesho twende sote, gari ipo." Na mtu mmoja, sijui nani, akacheka. Kicheko kile ndicho kilichotuponza. Kuambiwa amekosea angelisahau, lakini kuchekwa hakukusahaulika.

Akatoa hukumu pale pale: mpaka binti aje apige magoti mbele ya kiti, aseme amesema uongo juu ya dini, nyumba yetu haiitwi wala haiitikiwi. Unajua ilivyokuwa. Arusini hatukuitwa. Mtoto wa shemeji akazaliwa nikasikia kwa dobi. Ile posa ya Mombasa ikarudi nyuma, maana waliuliza jumuiya, na jumuiya ikajibu kuwa binti ana mdomo. Anao. Ana na meno, na akili nyuma ya meno. Yule mposaji nasikia sasa ana kipara.

Baba Nirmala, mtu mwema lakini laini kama siagi ya mchana, alikuwa akimwambia kila wiki, "Mwanangu, goti ni goti tu, unalikunja, unalikunjua." Na Nirmala anamjibu, "Baba, goti nitakunja. Nikishakunja nitasema nini? Kwamba jua halikuzama?" Basi baba mtu anaondoka anakwenda dukani mapema.

Kisha mwaka uliofuata mwanangu akafunga ule mfungo mkubwa, siku zote nane, hali kitu ila maji yaliyochemshwa, na hayo kabla ya jua kuzama. Jua la Matrah. Alifunga peke yake chumbani kwake. Kwetu mtu akitimiza mfungo ule, asubuhi yake jumuiya nzima inakuja na nyimbo, kila mtu anamnywesha kidogo maji ya choroko, ni fahari ya nyumba kuliko harusi. Nilitandika mazulia. Nilifanya makusudi kufungua mlango wazi. Wakapita chini, nawasikia, wanakwenda kwa mtoto wa mtu mwingine aliyefunga siku moja. Shethi akakohoa chini ya dirisha langu, kile kikohozi chake cha kusafisha koo. Hakuna aliyepanda.

Ukapanda wewe. Umevaa kanga mpya, na kikombe kipya umekinunua sokoni, kina karatasi ya duka, kwa kuwa ulijua vyombo vyenu vimepitiwa na nyama, na sisi nyama hatuli. Ukasimama, ukautazama mkono wako. "Champa, mkono huu jana umekata jodari. Utafaa?"

Nikakwambia, "Osha."

Ukaosha. Ukaosha tena. Ukamnywesha mwanangu. Alikuwa hana rangi, midomo imepasuka, akanywa kwa mkono wako huku analia na wewe unasema, "Kunywa mama, kunywa, Mungu kakuona." Mie nimeona mambo, Salama. Mwaka ule wa mapinduzi nimeiacha nyumba yangu ya Kiponda na pazia ziko madirishani. Lakini hakuna aliyenipa kitu kama kikombe kile.

Na baada ya miezi, Mfunguo Nne, wewe ukafa. Kwa homa! Mtu aliyepanda meli na kushuka meli na kuzika mume, homa. Nilikaa na wanawake wenu ndani, sijui kuomba kwenu, nikakaa tu. Nikapika wali wa choroko nikauleta matangani, na mmoja wa shemeji zako akaonja akauliza, "Nani huyu kapika bila kitunguu?" Kitunguu sisi hatuli, na wewe ndiye uliyekuwa ukinitania kwa hilo, nikacheka mbele ya wafiwa. Niliona ningekuwa na wewe ungecheka zaidi. Wakanitazama kama mwendawazimu, kisha na wao wakaelewa, wakalia.

Sasa sikiliza usiyoyajua. Ulipokwisha kwenda, wanawake wa jumuiya wakaanza kunijia. Mmoja mmoja, kwa mlango wa nyuma, kila mmoja na kisingizio chake: pilipili, sindano, kichwa kinauma. Akifika mlangoni anageuka, "Mama Nirmala, hivi nyie kwenu mnaacha kula saa ngapi?" Namwambia. Anasema, "Nauliza tu." Wakawa wanapika mapema, wanawalisha waume zao mapema, wanaosha vyombo mapema. Shethi akipiga kengele yake, sahani zishakauka. Alikuwa anapiga kengele, Salama, hapana anayekula. Mwisho hata mkewe mwenyewe, yule Mama Ramesh asiyesema, akaacha kumwekea chakula baada ya adhana. Nasikia alimwambia, "Chakula kimezama."

Hapo Shethi akaja kwetu. Siku nane za mwaka huu zimekaribia, akaja na wanaume wawili, akakalia kochi langu bila kuambiwa karibu, na akatoa hila yake.

Siku ya mwisho ya zile nane kwetu ni ya kuombana radhi. Kila mtu kwa kila mtu, mume kwa mke, bwana kwa mtumishi. Unafumbata mikono unasema: kama nimekuumiza kwa wazo, kwa neno au kwa kitendo, kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe. Na uliyeambiwa huna ruhusa ya kunyamaza, lazima umrudishie yale yale. Shethi akamwambia Baba Nirmala: binti aje siku hiyo, aseme haya maneno ya kila mtu, lakini mbele ya kiti changu, nami nitayapokea kuwa ndio msamaha wa ile kesi. Ona ujanja wa gunia! Maneno tunayomwambia hata nzi, yeye anataka kuyavaa kama koti.

Baba Nirmala alitaka kumbusu mikono. Nami niliwasha moto kwa hasira nikasahau kuweka sufuria. Nirmala akasema, "Ntakwenda." Sikusema naye siku nzima.

Tukaenda. Chumba kimejaa, miaka miwili nimekikosa, harufu ya mchele ile ile. Ibada ikasomwa. Watu wakaanza kuombana radhi, wanalia, wanakumbatiana. Nirmala akaanza na wakongwe, akaenda kwa wanawake, akainama mpaka kwa watoto. Mwisho akafika kwenye kiti. Akasimama wima, akafumbata mikono, akayasema yote, kwa wazo, kwa neno, kwa kitendo, nisamehe.

Shethi akatabasamu akawageukia watu. "Mmesikia?"

"Wamesikia, Shethi," Nirmala akasema. "Radhi ya kukuumiza nimeomba. Radhi ya jua sikuomba. Jua linazama linapozama."

Na hakuondoka. Akabaki amefumbata mikono, anangoja arudishiwe yake.

Salama, hapo ungepapenda. Kila mtu anajua hesabu: asiporudisha, ndani ya chumba kile, mbele ya kitabu, mwenyekiti peke yake ndiye atakayekuwa ameikataa siku yenyewe. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akasafisha koo. Hakuna mchele uliomsaidia. Ndipo Mama Ramesh, kutoka upande wa wanawake, akasema, "Mjibu mtoto." Kisha akaongeza, "Na ushuke. Haombi mtu radhi amekaa kitini."

Akashuka. Magoti yale mabovu yakamshusha vizuri tu, mpaka chini. Akayasema maneno, ndani ya masharubu, lakini akayasema, na akafika mwisho bila kuruka. Nirmala akainama akamshukuru, kwa heshima ya kweli, mie nisingeiweza. Kisha na mie ikanibidi nimwendee mtu yule. Nikamwendea. Maneno nikayatoa yote. Moyo nao nimeuambia uje nyuma, bado uko njiani.

Usidhani ameona haya. Kengele sasa inapigwa kwa jua la Matrah, na wanawake wamempa Nirmala awasomee wao, anawataja waongozi wote ishirini na nne mpaka wa mwisho, na watu wanatoka nyumba za mbali kuja kumsikiliza. Lakini zimekuja familia mpya kutoka Nairobi, na Shethi anawaambia, masikio yangu yamesikia, "Mimi katika uongozi wangu nilichunguza nikagundua jua la hapa ni tofauti." Akagundua! Na kaagiza ubao wa historia ya jumuiya, umetundikwa juu ya mlango, maandishi ya rangi ya dhahabu, jina lake juu kabisa na chini yake: aliyesahihisha saa ya kuzama jua. Nilitaka kupanda juu ya kiti chake niung'oe. Nirmala akanishika mkono anacheka. "Mama, mwache na ubao wake. Watu wanakula kwa wakati." Sijui katoa wapi moyo ule. Si kwangu.

Asubuhi baada ya siku ya radhi, kwetu tunawaandikia walio mbali kuwaomba radhi na wao. Nimeandika Mombasa, nimeandika Bombay, nimeandika mpaka kwa mama wa yule mwenye kipara. Yako ndiyo iliyochelewa, kwa kuwa sijui pa kuipeleka. Basi ndiyo hii. Kama nimekuumiza, shoga yangu, kwa wazo, kwa neno au kwa kitendo, kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe. Na yako, hata kama huwezi kusema, mie nimeshaipokea.

Wewe jina lako kwenye ubao halimo wala halitaandikwa, Mwislamu, mwanamke, mkata jodari. Lakini wachumba wa vijana wetu watakuja huku, mmoja baada ya mwingine, na kila bibi arusi akifika Matrah siku ya kwanza lazima aulize hapa tunaacha kula saa ngapi. Hawamuulizi Shethi, wananiuliza mie. Nakuahidi, Salama: kwanza ntamwambia jina lako, kisha ndio ntamwambia saa.

Lala salama, mwenzangu.

Champa, Mama Nirmala